Jaribio la Uwezo kwa mtoto aliyewatangulia wenzake: zuri, ila linaishia darasa la pili

Mtoto wa miaka mitano anayesoma kila bango la barabarani huwaachia wazazi swali zito: abaki chekechea, aanze la kwanza, au arushwe darasa? Kabla ya kumpeleka kwenye usaili wa shule yoyote, tunapendekeza mwanzie kwenye jaribio la Uwezo, kipimo kifupi cha kusoma na kuhesabu. Linafuata mfano wa ASER, upimaji wa aina hiyo wa India, na limetumika Kenya, Tanzania na Uganda kupima watoto nyumbani kwao, mmoja mmoja. Kusoma kunapanda kutoka herufi au silabi hadi neno, aya na hadithi. Hesabu zake ni pamoja na kutoa na kuzidisha. Karatasi na penseli vinatosha. Anzeni na aya: akiisoma vizuri mpeni hadithi, akikwama rudini kwenye maneno. Hivyo mtoto hachoki kabla ya kufika panapompa kazi.

Upungufu wake ni mmoja, nao ni mkubwa kwa mtoto wa namna hii. Limetungwa kwa kiwango cha darasa la pili, kwa sababu shabaha yake ni kujua watoto wangapi wameachwa nyuma. Anayemaliza hadithi anaweza kuwa wa la pili au wa la tano, na jaribio halitawatofautisha.

Kwa hiyo endeleeni wenyewe. Chukueni kitabu cha darasa la tatu, ukurasa asiowahi kuuona, mhesabu maneno 100 na kuweka alama kila anapokosea. Makosa 5 au pungufu, pandeni kitabu cha darasa linalofuata. Kati ya 6 na 10, hicho ndicho cha kumfundishia. Zaidi ya hapo, shukeni.

Msiishie kwenye sauti. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, na mtoto akishashika silabi anaweza kuisoma habari ya bajeti mwanzo hadi mwisho bila kuelewa lolote. Funikeni ukurasa, mwulizeni maswali mawili ambayo jibu lake limeandikwa na mawili ya kufikiri: kwa nini fulani alikasirika, nini kitafuata. Kisha mpeni maneno ya kubuni kama bamuki, tefoga, nyadule. Aliyekariri vitabu vyake huyageuza kuwa maneno anayoyajua. Anayesoma kweli huyatamka yalivyo.

Kwenye hesabu, swali moja linafichua mengi: 42 kutoa 17. Jibu la 35 linaonyesha kwamba ametoa 2 kwenye 7 kwa kuwa 7 ndiyo kubwa. Anajua kutoa, ila makumi na mamoja bado. Mpeni vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Akifungua fungu moja mwenyewe ili apate mamoja ya kutosha, ameelewa.

Matokeo hayo yapelekeni kwa mwalimu mkuu pamoja na karatasi alizoandika mtoto. Shule ya mchepuo wa Kiingereza ikimwangusha kwenye hesabu za mafumbo, ombeni aulizwe upya kwa Kiswahili, maana huenda kilichopimwa hapo ni Kiingereza chake.

Kurusha darasa kusiamuliwe kwa kusoma peke yake. Mpeni sentensi tano azinakili kutoka ubaoni. Mara nyingi kichwa kiko la tatu na mkono bado ni wa chekechea: ubao unafutwa yuko mstari wa pili, na ripoti inarudi nyumbani ikisema mtoto ni mzito. Akiwa hivyo, afadhali abaki na rika lake, apande darasa la juu kwa vipindi vya Kiswahili na Hisabati tu. Lazima vipindi hivyo vya madarasa hayo mawili viwe wakati mmoja kwenye ratiba, la sivyo atakosa masomo mengine kila wiki. Ulizeni hilo kabla ya kulipa ada.

Rudieni kipimo baada ya muhula mmoja, kwa hadithi mpya. Watoto hawa hukumbuka ya zamani neno kwa neno.