Seti ya breketi (vishikizo) na mikanda ya tangi la dizeli la lori, lita 600: nimeifunga mwenyewe, nimetembea nayo kilomita 11,000

Tangi langu kubwa la kwanza lilishikiliwa na vyuma vya pembe vilivyochomelewa kwenye mdomo wa chini wa chesi, yaani fremu inayobeba lori. Miezi saba baadaye nilikuwa chini ya lori naangalia springi, mwanga wa tochi ukapita juu ya mstari wa kutu mwembamba kama unywele. Ulianzia pale chomeleo lilipoishia, ukapanda ubavuni. Nikaupangusa kwa kitambaa chenye dizeli. Kesho yake ulikuwa umerudi palepale. Chesi ilikuwa imepata ufa. Nilinyonya mafuta yote kwa pampu siku hiyohiyo, tukalishusha tangi, na lori likaenda kwa watu wanaojua kutengeneza chesi.

Kwa hiyo nilipoagiza seti hii nilikuwa na sharti moja: isiguse midomo ya chesi na isihitaji moto wa kuchomelea. Boriti ya chesi ina umbo la herufi C. Midomo yake ya juu na ya chini ndiyo inayobeba mkazo mkubwa lori linapopinda na mzigo, na watengenezaji wengi wa malori wanakataza kabisa kuitoboa. Mahali pa kutoboa ni ubavuni, na breketi za seti hii zinafungwa ubavuni tu.

Ndani ya boksi nilikuta breketi 3 za herufi L, mikanda 3 ya chuma cha pua, mipira ya kutandika, bolti 12 zenye alama ya 10.9 kichwani (daraja la bolti ngumu) na nati zenye plastiki ndani. Washa zilikuwemo, lakini ni nyembamba mno. Nilikaza bolti moja kwa majaribio, nikaifungua, nikakuta washa imezama katikati kama kisahani. Nilizitupa zote nikaweka washa nene zilizokomazwa. Mtu anayeuza bolti za 10.9 na washa za namna hiyo hajafikiria kazi yake hadi mwisho, maana bolti hiyo hushika kwa kubana, na washa ikinywea mbano unalegea wenyewe.

Breketi zenyewe, nazisifu bila kusita. Fikiria uzito: lita 600 za dizeli ni karibu kilo 500, bado tangi na vyuma vyake. Uzito huo haukai juu ya chesi. Unaning'inia pembeni, na kitovu chake kwenye lori langu kiko kama sentimita 35 nje ya boriti. Gurudumu likiingia shimoni, tangi linataka kuanguka kwa nje: bolti za juu zinavutwa, ncha ya chini ya mgongo wa breketi, ule upande wa L uliosimama, inasukuma chesi kwa ndani. Mgongo wa breketi ukiwa mfupi, bolti za juu zinavutwa kwa nguvu zaidi kwa uzito uleule. Hizi zina mgongo unaokaribia urefu wote wa ubavu wa boriti, na kwenye kona ya L kuna bamba la pembetatu lililochomelewa pande zote mbili. Nilipitisha kidole kwenye machomeleo ya breketi zote tatu. Yamejaa, hayana vitundu, na yamezunguka hadi mwisho wa bamba badala ya kukatika njiani.

Kufunga kulituchukua siku nzima, mimi na utingo wangu, na muda mwingi uliishia kwenye kupima. Matundu matano ya kiwandani yaliangukia vizuri, saba tulitoboa kwa keekee. Kila tundu tulilisafisha kingo, tukalipaka rangi ya kuzuia kutu, tukasubiri ikauke. Kabla ya kutoboa hata moja tulihakikisha hakuna nyaya wala mipira ya upepo wa breki upande wa ndani. Tulipima pia umbali kutoka kwenye tairi, tukikumbuka kwamba lori likibeba mzigo springi zinakaa chini na tairi linapanda. Ekzosi kwenye lori langu iko upande wa pili. Yako ikiwa upande uleule, anza kwa kupima umbali wake, kwa sababu ya joto.

Sasa mpira, maana hapa ndipo niliponuna. Tangi langu ni la alumini, breketi ni chuma. Vikigusana penye unyevu, alumini inaliwa. Vikisuguana, ni vibaya zaidi. Mpira lazima ufunike kila mahali tangi linapogusa chuma, na utokeze kidogo kila upande. Mipira ya chini ya tangi ilikuwa sawa. Ile ya chini ya mikanda ilikatwa fupi, ikaacha kama sentimita 4 karibu na ncha ya bolti ya kukazia, mkanda ukawa umelala moja kwa moja juu ya tangi. Baada ya safari mbili nilikuta pale, kwenye mkanda wa mbele, unga mweusi laini, kama masizi. Ni alumini iliyosagwa. Nilipoufuta, chini yake kulikuwa na alama inayong'aa, ya upana wa ukucha. Nililegeza mkanda, nikakata mpira mpya wa urefu kamili, nikaurudisha. Unga haujatokea tena.

Jambo jingine ambalo karatasi ya maelekezo haikusema: tangi likikaa lote juu ya mpira, limetengana na chesi kwa umeme. Geji yangu ilisoma sifuri wakati tangi limejaa, kwa sababu kipimo cha ndani kilikuwa kinatumia tangi kama waya wa hasi. Nilifunga waya mnene kutoka kwenye tangi hadi kwenye chesi, chuma kitupu kwa chuma kitupu, na geji ikarudi. Waya huo unasaidia pia kuondoa umeme tuli wakati wa kujaza mafuta, kwa hiyo ningeufunga hata kama geji ingekuwa nzima.

Kuhusu kukaza: tumia spana ya kupimia nguvu. Mkanda uliolegea unaacha tangi litembee, na dizeli ya nusu tangi ikikimbilia mbele unapopiga breki, tangi linaifuata. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unabonyeza alumini. Nimewahi kuona tangi la jirani yangu wa maegesho lina kiuno kwa sababu hiyo. Mpira mpya nao hunywea, kwa hiyo nilirudia kukaza baada ya safari ya kwanza yenye tangi lililojaa, kisha baada ya wiki mbili. Mara ya kwanza mikanda yote mitatu ilikubali karibu nusu mzunguko. Mara ya pili, mmoja tu.

Baada ya hapo nilichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye kila nati kuvuka hadi kwenye breketi. Nati ikigeuka hata kidogo mstari unavunjika, na utingo anauona asubuhi bila kushika spana.

Ningeinunua tena seti hii, kwa ajili ya breketi. Mtengenezaji aweke washa nene, arefushe mpira wa mikanda, aongeze waya wa hasi. Jana nimelala chini ya lori na tochi nikapitia mistari yote. Ya bolti 12 za chesi imenyooka. Kwenye mikanda, ule wa mbele umesogea kama unene wa sarafu, na ndio mkanda niliobadilisha mpira wake. Kesho naukaza na kuuchora upya.