Modeli ya P-38 ya Tamiya: nimeunda ndege ya Elliott

Anayependa ndege za vita aichukue hii P-38F/G, modeli ya kuunganisha ya ndege ya kivita ya Marekani kutoka kampuni ya Kijapani ya Tamiya, uwiano wa 1:48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi), bila kusita. Modeli ya ndege ya mikia miwili kama hii hulemewa nyuma ikaketi kitako, lakini humu wametia gololi za chuma za kuongeza uzito mbele, basi husimama sawasawa kwa magurudumu yake matatu. Na mabawa! Yanashikana vizuri hata kabla ya gundi.

Yangu nimeiandika 17677 mkiani, kwa mkono, brashi nyembamba kabisa. Ndiyo ndege namba 41-7677 ya Luteni Robert Elliott, Mmarekani wa miaka 24, aliyekuwa kwenye mazoezi ya kulenga shabaha huko Wales, Septemba 1942. Mafuta yakamletea shida, akaitua kwenye maji mafupi ufukoni Harlech. Ncha ya bawa la kushoto ikakatika. Yeye akatoka mzima, hana hata jeraha. Haikutimia miezi mitatu akapotea vitani Tunisia. Hilo linaniuma kila nikiitazama. Ndege yenyewe ilifukiwa na mchanga, ikaonekana 2007.

Bawa nimeliacha zima, kama lilivyokuwa siku ile aliporuka. Rangi na gundi nunua kando, hazimo kwenye boksi.