Marumaru au graniti? Acha ndimu iamue

Haya, karibuni. Hapa mezani nina vipande viwili vya mawe, vyote vimeng'arishwa. Hiki cheupe chenye mishipa ya kijivu ni marumaru, jiwe lenyewe la kuchimbwa, si kigae cha kiwandani. Hiki chenye madoadoa ni graniti. Ukitafuta jiwe la kaunta ya jikoni utaoneshwa vyote viwili, na macho yatakwambia chukua marumaru. Subiri kwanza.

Nakamulia ndimu. Sogea uone vipovu vinavyochemka pembeni mwa tone. Sasa nafuta... umeona? Mng'ao umekwisha, limebaki duara lililofifia. Hilo si doa, usihangaike na sabuni. Jiwe lenyewe limelika. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, na madini yake makuu ni kalsiti. Kalsiti na asidi haviivi, iwe ndimu, siki au hata nyanya. Kwenye graniti, ndimu ileile, hakuna kitu.

Tulete kisu. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, cha tangu 1812, ambapo namba kubwa ndiyo ngumu zaidi, kalsiti ni 3, chuma cha kisu ni kama 5 na nusu. Marumaru imechanika, ona mfereji huo. Graniti ina madini ya felspa yenye 6 na kwazi yenye 7, kwa hiyo huu mstari wa kijivu unaouona juu yake ni chuma cha kisu chenyewe kilichosagika! Napitisha kitambaa, umeondoka.

Marumaru naipenda, niseme wazi. Mwanga huingia kidogo ndani yake ndipo urudi, na huo ulaini wa weupe graniti haina. Iweke ukutani ndani ya nyumba, au sebuleni, utafurahi miaka mingi.

Nje ya jengo, vipande vyembamba? Hapana. Jengo la Amoco kule Chicago, zaidi ya ghorofa 80, lilikamilika 1973 likiwa limevikwa marumaru ya Carrara, Italia. Vipande vikaanza kupinda, na kati ya 1990 na 1992 vyote vikabanduliwa, ikawekwa graniti. Chembe ya kalsiti ikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, hivyo chembe husukumana, zinalegea, na kila jua na baridi jiwe linazidi kuchoka.

Graniti nayo ina lake: zile za rangi nyepesi nyingine hunywa mafuta. Na uzito! Kwa unene wa sentimita 3, mita moja ya mraba ni kama kilo 80, hata kwa marumaru, kwa hiyo kabati za chini ziwe imara.

Kabla hujalipa, omba kipande cha masalia ya jiwe hilohilo. Weka tone la maji upande usiong'arishwa, ngoja dakika kumi. Likiacha kivuli, jiwe linanyonya, litahitaji kupakwa dawa ya kuzuia unyevu. Kisha ndimu, kisha kisu.