TAHADHARI: Mzee wa misumeno ya meza "kontena la Marekani", Buguruni

Wakuu, nimepigwa. Milioni moja na laki nane taslimu, nimezihesabu mwenyewe mara mbili mbele ya mtu aliyekuwa akinitazama kwa huruma.

Nina banda langu la useremala Goba. Nilitaka msumeno wa meza wa kweli, si vile vya plastiki vya kubeba kwapani. Huu ulikuwa wenyewe: meza ya chuma cha kumimina, diski la inchi 10, mota imening'inia nyuma na kuzungusha kwa mkanda. Ni aina ile wakandarasi wa Marekani walikuwa wakiipakia kwenye pikapu na kuishusha saiti. Mkubwa kwa umri kuliko mimi, lakini umepakwa rangi mpya ya kijivu, unang'aa.

Mtaniuliza nilimwaminije. Mzee ana miaka kama sitini, na kidole chake cha shahada kimeishia kwenye kifundo cha kwanza. Hicho kidole ndicho kilichonimaliza. Nikasema huyu ameishi na mashine, hawezi kumuuzia fundi mwenzake takataka. Nilipomwamkia shikamoo, hata bei hajaitaja, akaanza kunifundisha: "Mwanangu, usisimame nyuma ya mbao, simama ubavuni. Diski likiibana inarudi kama mkuki." Nilipoingiza mkono mfukoni akanizuia. "Leo nenda kalale. Ukiamka bado unautaka, njoo." Niambieni, tapeli gani anakurudisha nyumbani na hela yako?

Kesho yake saa tisa alasiri nikarudi. Hapa nimeparudia kichwani hadi silali. Kijana wake alivuta waya akachomeka mwenyewe. Ekstensheni ilipita chini ya benchi ikapotelea nyuma ya gunia. Juu ya gunia redio inatangaza mpira, kando yake friji ya soda. Kulikuwa na mlio wa chinichini, mmmm, nikajua friji. Mzee akachukua sarafu yangu ya mia mbili, akaisimamisha kwa ukingo juu ya meza, akawasha. Mota ikanguruma, sarafu haikutikisika. Nikarekodi video kama mjinga, nikamtumia mjomba: "Mashine hiyo!" Akapasua ubao wa paini, ukapita kama sabuni. Nilikuwa nimebeba kipande cha mninga cha kujaribia, akasema diski ni butu, litauunguza mninga wangu bure. Nikamshukuru! Nikaomba tuuchomeke kwenye soketi ya ukutani pale mlangoni, akasema hiyo mbovu, juzi imemrusha kijana. Nikaitikia kwa kichwa. Risiti? "Mashine ya EFD imeisha chaji, nitakutumia picha." Nikaitikia tena.

Watu wanne tuliupandisha kwenye kirikuu. Saa moja usiku upo bandani, watoto wamejipanga mlangoni. Nikachomeka. Kwa sekunde mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Goba, maana uliruka kwa nguvu kuliko hata kule yadini. Halafu mngurumo ule ukageuka kilio, paa! kapasita ikapasuka, moshi mweusi, umeme nyumba nzima ukakatika. Gizani nikasikia sauti ya mama watoto: "Baba Neema, ndio ile milioni na laki nane?" Sikumjibu. Hadi leo sijamjibu.

Fundi wa kusuka mota alifungua, waya wote makaa. Nyuma ya mfuniko wa kisanduku cha nyaya kulikuwa na maandishi: 115 V, 60 Hz. Mota ya umeme wa Marekani, mimi nimeilisha 230 zetu. Kule yadini chini ya gunia kulikuwa na transfoma ya kushusha umeme, ndiyo iliyokuwa ikilia mmmm. Na hata kwa transfoma, umeme wetu ni 50 Hz, mota inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Hiyo ningeivumilia, mota inabadilishwa. Lakini fundi akakwangua rangi chini ya meza, kwenye kile chuma cha nusu duara kinachobeba mhimili wa diski. Kuna ufa, umejazwa puti na kupakwa rangi. Misumeno hii ikisafirishwa bila kuvua mota, uzito unaoning'inia nyuma ndio unaovunja hapo. Ukiinamisha diski nyuzi 45, siku moja linakufuata usoni.

Simu yangu hapokei. Nilirudi yadini, nimekuta jamaa anauza mabati, anasema amepanga Jumatatu. Polisi nimepewa RB, yaani namba ya taarifa yangu, pamoja na kicheko. Huyu mzee angefungwa kwenye ule ule msumeno, apasue mninga kutwa kwa meno yake. Asirudishiwe hata kile kidole. Na yule kijana wa kuchomeka naye, maana alijua, aliniangalia machoni akajua! Wasipowekwa ndani hawa watamuua mtu. Mwenye bandari, mwenye serikali ya mtaa, mwenye yeyote, amsake.

Sasa dalili, wale mnaotafuta mashine. Plagi nyeupe mpya ya pini tatu kwenye waya mzee uliokauka. Kibati cha maandishi kwenye mota hakipo, matundu yake ya ribiti yapo (nililiona hilo, nikadhani ni uzee). Rangi mpya chini ya meza, nani anapaka rangi chini ya meza? Ufuate waya hadi ukutani. Mengine nimesema huko juu, kichwa kinaniuma.

Mota imekufa, ufa uko pale pale, nauonyesha kwa tochi. Meza haina kutu wala haijapinda, fensi (ile reli ya kuongozea mbao) nzima, puli na mkanda vipo. Anayetaka kwa ajili ya vipuri aje Goba na kirikuu yake na watu watatu. Laki tatu na nusu, na risiti nitamwandikia mwenyewe.