Kozi ya jioni ya picha za kidijitali: mwanga umefundishwa vizuri, uhariri umeachwa nyuma

Kwa anayetaka kujifunza picha mnato jijini Dar es Salaam bila kuacha kazi yake ya mchana, ninaipendekeza kozi ya jioni ya chuo kimoja cha jamii kilichopo Temeke, ambayo nimeihitimu hivi karibuni. Ninaipendekeza kwa sharti moja, nalo ni kwamba mwanachuo awe na kompyuta yake mwenyewe au ajue mahali pa kuazima.

Ubora wa kozi hii umo katika namna inavyofundisha mwanga. Tangu mwanzo mkufunzi anawataka wanachuo waondoe kamera kwenye otomatiki na kupanga wenyewe tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao mwanga huruhusiwa kuingia) na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), na kila mmoja lazima ataje vipimo vyake kabla ya kuinua kamera usoni. Zoezi hili linachosha, lakini ndilo linalomfanya mtu aelewe kwamba kulifungua tundu kutoka f/8 hadi f/5.6 (namba ikipungua, tundu hupanuka) ni kuuongeza mwanga maradufu, na kwamba akitaka picha ibaki na mng'ao uleule itambidi apandishe kasi ya shata, kwa mfano kutoka 1/125 hadi 1/250 ya sekunde.

Somo lililonigusa zaidi lilihusu ngozi zetu na mavazi yetu. Kipima mwanga cha kamera hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa na wastani wa rangi ya kijivu; kwa hiyo bwana harusi akisimama na kanzu nyeupe iliyojaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga ili kanzu ising'ae, na uso wake huzama gizani. Kwa mwanamke aliyevaa buibui jeusi hutokea kinyume chake, yaani kamera huongeza mwanga hadi buibui likawa la kijivu na uso ukapauka. Tulifundishwa kupima shavuni peke yake, kisha kupunguza kidogo kwa mtu mweusi sana, kwa sababu kamera ikiachiwa itamng'arisha kupita alivyo. Mkufunzi alitukumbusha pia kwamba kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Nadhani kila mpiga picha wa harusi katika jiji hili angestahili kulisikia somo hili kabla ya kupokea malipo ya awali ya mteja.

Mafunzo kwa vitendo hufanyika katika soko la samaki la Feri, alfajiri. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupanda haraka na mwanga laini haudumu. Ikifika saa tatu asubuhi vivuli vimekwisha kukaa machoni mwa watu. Kanuni ya pale ni salamu kwanza, kamera baadaye. Mwenzetu mmoja alimwendea mzee aliyekuwa akipaa changu chini ya paa la bati, akamwambia, "Shikamoo mzee, naomba nikupige picha." Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu, ngoja kwanza nimalize huyu." Katika kusubiri huko, mwanachuo aliokota mfuniko mweupe wa boksi la barafu, akauinamisha kuelekea jua, na mwanga ukarudi usoni mwa mzee hadi magamba yaliyoganda kwenye mkono wake yakaonekana moja moja. Hakuna kifaa cha dukani ambacho kingefanya vizuri zaidi. Tulionywa vilevile kutoelekeza lenzi upande wa Ikulu, ambayo haipo mbali na soko hilo.

Upungufu upo kwenye chumba cha kompyuta. Mashine zinafanya kazi polepole, na programu ya kuhariri ni ya zamani kiasi kwamba haifungui mafaili ghafi ya kamera mpya, yaani yale yanayohifadhi kila kilichonaswa na kamera, hivyo darasa zima linafanya kazi kwa JPEG, aina ya faili la picha lililokwisha kubanwa. Hili si jambo dogo. JPEG hubeba ngazi 256 za mng'ao kwa kila rangi, ilhali faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384, na tofauti hiyo ndiyo inayomwezesha mtu kuurudisha uso uliozama kivulini bila kuuharibu. Chuo kinachofundisha kupima ngozi nyeusi kwa uangalifu wa namna ile hakipaswi kumnyima mwanachuo nyenzo ya kuikamilisha kazi hiyo.

Hatukufundishwa kuhifadhi nakala za picha katika sehemu zaidi ya moja, wala Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ingawa wengi wetu tulikuwa tayari tunauza picha. Kipindi kimoja kingetosha kwa kila jambo. Kamera za chuo nazo ni chache, na zamu huwa ndefu.

Ada hulipwa kwa awamu, na uongozi husikiliza ukiombwa kwa adabu. Kabla ya kulipa awamu ya kwanza, omba kuoneshwa chumba cha kompyuta, uliza kama programu imebadilishwa, kisha uliza ni wanachuo wangapi watakaoshirikiana kamera moja.