Karakana ya ekzosi ya Gerezani: mvumo wa Hilux umeisha, bomba la tawi lina kasoro

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya dizeli ya modeli iitwayo 3L. Tangu karakana moja ya mtaani ilipoifungia sailensa ambayo ndani yake ni bomba lililonyooka lenye matundu, safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro iligeuka adhabu. Makelele ya nje niliyavumilia. Kilichonichosha ni mvumo mzito uliojaa kabini gari lilipofika kilomita 80 kwa saa, na ambao ulitoweka mara tu nilipoongeza au kupunguza mwendo.

Fundi niliyeelekezwa kwake Gerezani hakuwasha mashine ya kuchomelea hadi saa nane mchana. Alianza kwa kulala chini ya gari na kulisukuma bomba kwa mguu, akanionyesha raba mbili za kuning'inizia ekzosi zilizokauka zikawa ngumu kama kwato, kiasi kwamba bomba lililalia chesisi na kuipa mtetemo wote. Kisha akaziba mdomo wa bomba kwa tambara bichi, na moshi ukachungulia kwenye kiungo cha manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini: gasketi, kipande bapa cha kuziba kiungo hicho, ilikuwa imeungua. Raba na gasketi peke yake viliondoa karibu nusu ya kero, na fundi mwenyewe, kwa uungwana, aliniambia ningeweza kuishia hapo.

Sikuishia. Injini ya pistoni nne hutoa moshi mara mbili katika kila mzunguko, hivyo kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika, ambayo ndiyo ya mwendo ule wa kilomita 80, hupiga mapigo 80 kwa sekunde, na kabini ndogo huyaitikia kama ngoma. Fundi alichomelea ubavuni mwa bomba kuu tawi lililozibwa mwisho. Sauti huingia humo, hugonga kizibo na kurudi ikiwa kinyume cha ile inayopita, zikafutana. Urefu wa tawi unapaswa kuwa robo ya urefu wa wimbi la sauti hiyo, na kwa kuwa sauti hukimbia zaidi kwenye moshi wa moto, mita 1.07 ambazo zingetosha katika hewa ya kawaida zingekuwa fupi. Alianza na mita 1.3, akakishikiza kizibo kwa nukta mbili tu za kuchomelea, tukaenda kujaribu Barabara ya Kilwa hadi kupita Mbagala, tukarudi akapunguza, tukaenda tena. Tuliishia mita 1.2.

Nililipa shilingi 180,000, na sasa kwenye kilomita 80 naisikia redio. Tawi hilo hutibu mwendo mmoja tu. Kwenye kilomita 100 bado kuna mngurumo kidogo. Lawama zangu ni mbili: maungio hayakupakwa rangi ya kuzuia kutu, na tawi limeinamia upande wa kizibo, ambako maji ya mvuke yatatuama. Nitalirudisha gari ili tawi ligeuzwe kabla ya masika.