TAHADHARI: Muuza "diski za gemu za PS2" Kariakoo ni tapeli, usimpe hata mia yako

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Kuna jamaa ana fremu Kariakoo, ghorofani, kwenye moja ya yale majengo ambayo chini wanauza chaja, padi na vioo vya simu. Anauza diski za nje za 2TB "zilizojaa gemu zote za PS2, PS1 na PSP", mashine za gemu za Sony, pamoja na emuleta, yaani programu ya kuzichezea kwenye kompyuta bila mashine yenyewe. Diski ni feki, emuleta anayokuuzia ni kitu cha bure, na yeye mwenyewe ni mwizi anayevaa shati safi.

PS2 yangu haisomi CD tangu lenzi ife, na nilikuwa nimewaahidi vijana wawili kwamba tutacheza tena.

Nilimkuta anahudumia mteja mwingine. Akaniambia, "Karibu kaka mkubwa, kaa kwanza," akanivutia kiti. Alipomaliza hakuanza kunisifia bidhaa. Aliniuliza kompyuta yangu ikoje. Nikamwambia ni ya mezani, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 8GB, na kadi ya picha ya kawaida. Akafikiri kidogo, akasema PS2 itakwenda bila shida, ila ya PS3 nisiwaze, RPCS3, emuleta yake, inataka prosesa yenye nguvu kuliko hiyo. Akaongeza kwamba mtu yeyote akiniambia ana emuleta ya PS5 nimkimbie, ya kuchezea gemu zake vizuri haipo. Sasa niambieni, tapeli gani anakupunguzia hamu ya kununua? Maneno yale yote yalikuwa ya kweli, na nilikuwa nayajua kabla sijapanda ngazi zile. Mtu anayeujua mchezo kiasi kile, anayekwambia ukweli hata pale unapomkosesha hela, utamtilia shaka kwa lipi?

Akatoa diski kwenye boksi lake, ina nailoni bado. Akaichomeka kwenye laptopu yake mbele yangu. Taa ya buluu ikawaka. Akafungua dirisha: 1.81TB. Hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu diski halali ya 2TB Windows inaionyesha hivyohivyo, 1.81, kutokana na namna inavyohesabu. Feki za kijinga huandika 2.00 kamili. Hii iliandika inavyotakiwa. Ndani kulikuwa na mafolda yamepangwa kwa herufi, kila gemu na jina lake, kila faili na ukubwa wake, 4.2GB, 3.9GB, na God of War II ya 2007, ile inayojaza DVD ya safu mbili, ilikuwa na zaidi ya 7GB. Nilikagua mwenyewe, panya ikiwa mkononi mwangu.

Kisha akawasha PCSX2, emuleta ya PS2. Akanipa padi. Tukacheza PES 6, gemu ya mpira. Nilichukua Inter, nikampa mpira Adriano nje ya boksi, nikashika kitufe, mguu wa kushoto, nyavuni. Picha ilikuwa safi kuliko tulivyowahi kuiona kwenye luninga, maana emuleta inaweza kuchora gemu kwa ubora wa juu mara kadhaa kuliko PS2 yenyewe. Hakuna kukwama, hakuna sauti kukatika. Vijana waliokuwa wanapita wakasimama mlangoni kutazama. Jamaa akanipigia makofi. Nikaomba San Andreas, ikafunguka. Nikaomba Tekken 5, ikafunguka. Nilichagua mimi, si yeye.

Mchezo wake uko hapo, usomeni vizuri. Dirisha la diski lilikuwa wazi nyuma, taa inawaka, lakini emuleta haikuwa inasoma gemu kutoka kwenye diski ile. Ilikuwa inasoma kutoka ndani ya laptopu yake, ambako amehifadhi mafaili yaleyale kwa majina yaleyale. Orodha ya gemu kwenye PCSX2 huonyesha majina tu na picha za makava. Njia ya folda haionekani mpaka uitafute.

Bei ilikuwa laki moja na themanini. Diski halali ya ukubwa huo haikupishana sana na hapo, kwa hiyo hata bei haikupiga kelele. Akaongeza elfu thelathini na tano ya "leseni ya maisha" ya emuleta. Nilipouliza leseni ya nini, akasema ni ya BIOS, programu ya kuwashia PS2, bila hiyo PS2 haiwaki. Na kweli PCSX2 bila faili la BIOS haiendeshi gemu. Anachukua ukweli nusu, anaufunga na uongo nusu, anakukabidhi na mfuko wa plastiki.

Nyumbani, gemu za mwanzo kwenye orodha zilifunguka, zile za herufi A na chache za B. Vijana wakashangilia. Baada ya hapo kila tulichogusa, kioo cheusi. Gemu ya Black, cheusi. God of War, cheusi. PES 6 ileile niliyofungia goli dukani, cheusi. Nikadhani ni mipangilio, nikahangaika na kadi ya picha hadi usiku mkubwa, wale watoto wamekaa pembeni wananiangalia. Ile aibu sitamsamehe.

Kesho yake nikaipima kwa H2testw, programu ya bure inayojaza diski mafaili kisha inayasoma tena kuhakikisha. Baada ya 64GB hivi, kila kilichoandikwa kilirudi takataka. Nikafungua kasha. Ndani hakuna diski. Kuna kijibodi kidogo cha saketi, kadi ya kumbukumbu ya aina ya simu imebandikwa gundi ya moto, na bolti mbili za chuma ili mkono wako usihisi wepesi. Kijibodi kimepangwa kuidanganya kompyuta kwamba ina nafasi ya 2TB. Majina ya mafaili yanakaa kwenye ile sehemu ndogo iliyo hai, ndiyo maana unayaona yote na ukubwa wake. Data ya gemu zilizobaki haikuwahi kuandikwa popote.

Nilirudi kwake nayo. Yuleyule wa "kaka mkubwa" akaniambia mbele za watu kwamba nimeivunja mwenyewe na kompyuta yangu ina virusi. Akaniuliza kama nina risiti. Sina, kwa sababu alisema mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, haina mtandao, ataniletea kwenye simu. Hela alitaka zitumwe kwenye namba ya kawaida, si lipa namba ya duka, na jina lililotokea halikuwa lake.

Na ile "leseni" ndiyo inayonitoa machozi. PCSX2 ni ya bure, programu huria, ilianza kutengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watu wanaojitolea, na unaipakua kwenye tovuti yao wenyewe bila kulipa senti. Dolphin ya GameCube na Wii, bure. PPSSPP ya PSP, bure. Lile toleo lake la kulipia, Gold, ni la kuwachangia watengenezaji, linafanya kazi sawa na la kawaida. BIOS nayo hutoka kwenye PS2 yako mwenyewe. Yangu lenzi imekufa, lakini bodi ni nzima. Kwa memori kadi yenye FreeMcBoot, programu inayoiwasha PS2 bila CD, na flashi, BIOS inatolewa. CD zangu halisi nazo zinageuzwa kuwa faili la ISO, nakala nzima ya CD, kwa draivu ya DVD ya kompyuta. Kwa hiyo kila alichoniuzia nilikuwa nacho chini ya kitanda! Tena toleo lake la emuleta lilinitaka nizime antivirusi kwanza. Feni ya kompyuta ilivuma hata pasipo gemu, na kulikuwa na programu nisiyoijua inakula prosesa. Nimefuta Windows yote nikaanza upya.

Kwa hiyo mkinunua diski popote: chomekeni kwenye mashine yenu, siyo ya muuzaji, na mfungue gemu za mwisho wa orodha, siyo za mwanzo. Risiti palepale. Anayeuza emuleta mwacheni na emuleta yake.

Huyu mtu anatakiwa ndani. Siyo kurudishiwa hela kimyakimya halafu Jumatatu anampiga mwanafunzi aliyejichanga mwaka mzima. Tume ya Ushindani, FCC, kazi yao ni bidhaa bandia, waende pale wafungue hayo maboksi moja moja mbele ya wateja. TRA wamuulize mashine yake ya EFD inakosaje mtandao kila siku. Na mwenye jengo anayempangisha naye aulizwe, maana walinzi wake walinicheka nilipokuwa nashuka.

RB, namba ya taarifa ya polisi, ninayo tayari. Askari aliyenipokea alisema tukiwa walalamikaji kadhaa jalada linakuwa na uzito. Kama una diski ya aina hii, usiitupe na usirudishe bolti zake; ilete kama ilivyo, na ujumbe wa muamala usiufute. Nitumieni inbox, nitawaelekeza kituo. Jumamosi asubuhi naenda tena.